Vitabu vya baiskeli nilivyovisoma mpaka vikashika grisi

Mkuu, umeuliza swali zuri halafu wadau wamekumwagia orodha ya vitabu 20 bila neno hata moja la maelezo. Kwa nilivyokuelewa, una baiskeli ya milimani ya kwanza maishani, una miezi 4 juu yake, umeshaanguka mara 3 kwenye kona ileile ya mteremko, na unataka kujua ununue kitabu gani au ubaki na video za bure. Nami nimepita humo. Rafu yangu ina vitabu vya baiskeli kama 30, na nikiwa mkweli vilivyonifaa havifiki 10. Vyote nilivisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo majina nitayaacha yalivyo.

Kwanza hili la video. Sizibezi, ukitaka kuona mtu anavyoruka gogo hakuna kitabu kitakachoishinda video. Lakini ukiwa umepiga magoti kando ya baiskeli, mikono imejaa grisi, simu inajizima kila baada ya nusu dakika na kioo chake hakisikii kidole chenye mafuta. Kitabu kinakaa wazi palepale ulipokiacha. Halafu video inajibu swali ulilouliza tu. Usilolijua kwamba ni swali utaligundua mwenyewe, kwa maumivu.

Yangu mimi yalikuwa pedali ya kushoto. Mwaka wa kwanza nilitaka kubadilisha pedali, nikaanza na ya kulia, ikatoka bila shida. Ya kushoto nikaizungusha kinyume cha saa kama bolti nyingine yoyote, ikagoma. Nikachomeka kipande cha bomba kwenye mkono wa spana, ikagoma. Nikapanda juu ya bomba kwa uzito wangu wote. Spana ikachomoka, vifundo vyangu vya vidole vikaenda moja kwa moja kwenye meno ya gia. Kesho yake fundi aliifungua kwa sekunde chache, kwa kuzungusha upande mwingine, huku akinitazama kwa huruma. Nyuzi za pedali ya kushoto zimechongwa kinyume, inafunguka kwa kufuata mwelekeo wa saa. Siku nzima ile nilikuwa naikaza.

Wiki hiyo nikanunua Zinn and the Art of Mountain Bike Maintenance cha Lennard Zinn, na ndicho ningekuambia uanze nacho. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1996 na kimekuwa kikifanyiwa marekebisho tangu hapo, kwa hiyo angalia toleo kabla hujalipa. Matoleo ya mwanzo yanakwenda kwa undani kwenye breki za kubana ringi, wakati baiskeli yako bila shaka ina breki za diski. Uzuri wake ni michoro. Kila kifaa kimechorwa kikiwa kimetawanywa, kila washa na kila beringi mahali pake, kwa hiyo ukibaki na kipande mkononi unajua kilitoka wapi. Kila kazi pia imepewa daraja la ugumu kuanzia 1 hadi 3, nami kwa miaka miwili sikugusa daraja la 3. Usikisome kuanzia ukurasa wa kwanza, utasinzia. Soma sura ya mnyororo, ya breki na ya gia za nyuma. Mengine yatakuja yenyewe yakiharibika.

Sasa kona yako. Hujaeleza unaangukaje lakini ngoja nibahatishe. Unaingia ukiwa umeketi, au umesimama huku mikono imenyooka kama fimbo na makalio yako nyuma kabisa kwa woga. Katikati ya kona unaona unakwenda kasi, unabana breki ya mbele, tairi la mbele linateleza, uko chini. Na macho yako yapo kwenye lile jiwe au mti usiotaka kuugonga. Naweza kubahatisha hivi kwa sababu huyo nilikuwa mimi.

Kilichonitoa hapo ni Mastering Mountain Bike Skills cha Brian Lopes na Lee McCormack, toleo la kwanza 2005. Lopes ni bingwa wa dunia wa zamani, McCormack ni mwalimu, na mchanganyiko huo unaonekana: mmoja anafanya, mwingine anajua kueleza kinachofanyika. Ukikiondolea mapambo, kitabu kizima kinarudia mambo machache. Uzito wako ubebwe na miguu kwenye pedali, si mikono kwenye usukani. Kunja nyonga, shusha kifua, fungua viwiko. Kazi ya breki uimalize kabla ya kona. Macho yatangulie kule unakotaka kutokea, maana baiskeli inafuata macho.

Nakuonya jambo moja lakini. Sura ya kona niliisoma mara 3 nikiwa kitandani na haikunisaidia chochote. Nilielewa kila neno, nikarudi mlimani, nikaanguka vilevile. Mara ya 4 nilikwenda nacho uwanjani penye majani, nikaweka mawe mawili, nikawa nazunguka umbo la 8 kwa mwendo wa mtu anayetembea, jambo moja kwa zamu. Siku ya kwanza viwiko tu. Siku ya pili macho tu. Majirani walidhani nimechanganyikiwa. Baada ya wiki mbili za nusu saa nusu saa, niliipita kona yangu bila kukumbuka kwamba ni kona. Kitabu cha namna hii ni cha kubeba, si cha kusoma.

Hivyo viwili vinatosha mwaka mzima. Ila kama una udadisi, kuna kimoja ambacho wadau hawajakitaja na kwangu kinavishinda vyote: The Bicycle Wheel cha mhandisi Jobst Brandt, cha mwaka 1981. Ni kitabu chembamba kuhusu gurudumu tu. Nilikipata kipindi ambacho spoku za nyuma zilikuwa zinakatika kila baada ya wiki chache. Fundi mmoja alikuwa akiniwekea mpya moja, ananyoosha ringi, ananirudishia, na baada ya muda inakatika jirani yake. Maelezo yake yalikuwa kwamba mimi ni mzito.

Brandt anauliza swali ambalo sikuwahi kuliwaza: spoku ni waya mwembamba ambao ukiusukuma ncha kwa ncha unapinda, sasa inakuwaje unambeba mtu? Wengi hudhani habu, kile kitovu cha katikati, inaning'inia kwenye spoku za juu. Yeye anaonyesha kwamba spoku zote zimekazwa kwa nguvu kubwa kabla hujapanda, na ukipanda zinazobadilika sana ni zile chache za chini pale tairi linapogusa ardhi, ambazo zinapunguza mkazo wake. Za juu karibu hazibadiliki. Kwa hesabu za mhandisi, gurudumu limesimama juu ya spoku za chini.

Sikuamini. Nikamwomba mtu aketi kwenye baiskeli huku ameegemea ukuta, nami nikawa nazipiga spoku kwa kucha kama nyuzi za gitaa. Ya juu: mlio uleule, awe ameketi au ameshuka. Ya chini kabisa: akiketi mlio unashuka, akishuka unapanda. Tulirudia mpaka akachoka kupanda na kushuka.

Hapo ndipo spoku zangu zilipoeleweka. Spoku kwa kawaida haikatiki kwa kuzidiwa na uzito wa mara moja. Inakatika kwa uchovu wa chuma, kwa kukazwa na kulegezwa kila mzunguko, maelfu kwa maelfu ya mizunguko, hasa pale inapojipinda kwenye habu. Gurudumu lililolegea linachosha spoku zake haraka zaidi. Langu lilikuwa limelegea lote, na kubadilisha moja moja kulikuwa ni kuzika wafu tu. Nikanunua spoku mpya 32, nikalisuka upya kwa usiku 3, kitabu kikiwa kwenye magoti. La kwanza lilitoka limepinda kama yai, nikalifungua lote. La pili lilisimama. Kuna hatua moja mafundi wengi huiruka: ukishamaliza, bana spoku mbilimbili kwa mkono kwa nguvu pande zote, zikae sawa kwenye matundu yake. Zinalia na kugugumia. Gurudumu lile nimelitumia miaka 6 na halijakata hata moja, na uzito wangu haujapungua.

Bicycling Science cha David Gordon Wilson, kilichoanza mwaka 1974 akishirikiana na Frank Rowland Whitt, ni cha wapenda fizikia. Ni kizito, nimesoma kama theluthi yake. Faida niliyopata ni kuacha kununua vifaa vyepesi ovyo. Kwenye mlima mkali, muda wako unategemea jumla ya uzito unaoupandisha. Mtu na baiskeli wakiwa kilo 90, ukipunguza kilo 1 umepunguza kama asilimia 1.1, yaani karibu sekunde 40 katika kupanda kwa saa nzima. Ukishajua hivyo, ile bei ya usukani wa kaboni inakufanya ucheke.

Vitabu vya mazoezi nitavipita haraka. The Cyclist's Training Bible cha Joe Friel (1996) ni maarufu na kimepangwa vizuri, ila kinamtaka mtu mwenye mashindano mbele yake. Nilichora jedwali la wiki 52 kwa kalamu za rangi, wiki ya 3 nikaugua homa, jedwali likabaki pambo la ukuta. Nilichobaki nacho ni kila wiki ya 4 kuwa ya kupumzika. Kwa miezi 4 uliyonayo, wewe endesha tu.

Sasa hadithi, na hapa nakubaliana na aliyesema usisome ufundi peke yake. Fat Tire Flyer cha Charlie Kelly (2014) kinasimulia baiskeli yako ilikotoka. Kelly alikuwa mwandaaji wa mashindano ya Repack kule Marin, California, ambayo ya kwanza yalifanyika tarehe 21 Oktoba 1976. Vijana walishuka kilima kwa baiskeli kuukuu nzito zenye breki ya kukanyaga kinyumenyume. Mpaka wafike chini habu ya nyuma inafuka moshi, grisi imeungua yote, inabidi wajaze upya, na ndiyo maana ya hilo jina. Mwaka 1979 Kelly na Gary Fisher wakaanza kuuza baiskeli zenye fremu alizotengeneza Tom Ritchey. Lishike jina la Ritchey, maana utakutana naye tena kwenye Land of Second Chances cha Tim Lewis (2013), safari hii Rwanda, akibuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa. Kitabu kile kinamfuata Adrien Niyonshuti, aliyenusurika mauaji ya kimbari ya 1994 akaja kukimbiza baiskeli ya milimani kwenye Olimpiki ya London 2012. Kisome taratibu, si chepesi.

Kwa safari, Full Tilt cha Dervla Murphy (1965). Mwaka 1963 alitoka Ireland akaendesha mpaka India peke yake, na bastola mfukoni, juu ya baiskeli aliyoiita Roz. Gia aliziondoa kabisa kabla ya kuondoka kwa kuona hazitahimili barabara. Kila ninapoanza kulalamika kwamba gia zangu 12 zinaruka, namkumbuka.

The Rider cha Tim Krabbé, kilichotoka kwa Kiholanzi mwaka 1978, ni mashindano mamoja ya barabarani ya kilomita 137, yote yakitokea ndani ya kichwa cha mwendeshaji. Krabbé ni mchezaji mzuri wa chesi pia, na inaonekana kwa jinsi anavyowahesabu wapinzani. Kinasomwa jioni moja. Hakuna mlima ndani yake utakaokufundisha kona, ila utajua kwa nini unarudi.

It's Not About the Bike cha Lance Armstrong, mwendesha baiskeli wa Marekani (2000), mtu amekupendekezea hapo juu kama kitabu cha kutia moyo. Nilikisoma nikiwa nimevunjika mfupa wa bega, na kweli kilinitia moyo, niliamini kila neno. Mwaka 2012 alivuliwa mataji yake 7 ya Tour de France, yale mashindano makubwa ya Ufaransa, kwa sababu ya dawa zilizokatazwa, na mwaka huohuo Tyler Hamilton, aliyekuwa naye timu moja, akatoa The Secret Race, kinachoeleza jinsi dawa hizo na mifuko ya damu ya kujiongezea nguvu zilivyokuwa zikitumika. Ukitaka kusoma cha Armstrong, soma vyote viwili, cha Hamilton kikifuata. Nilivyofanya mimi ni kurudi kwenye cha kwanza nikiwa na penseli, na kuna kurasa zilinitia aibu kwa niaba ya msomaji niliyekuwa.

Kwa hiyo Zinn na Lopes kwanza, vya mtumba vinafaa, vikiwa na alama za vidole vyenye mafuta ndiyo vizuri zaidi. Cha Brandt siazimishi, usiniombe. Ukirudi kwenye kona yako tuambie macho yalikuwa wapi.