Uluguru ni mlima wa kushuka

Mara ya kwanza kupanda Uluguru nilipoteza kucha mbili. Sikuanguka wala sikujikwaa kwenye jiwe. Nilishuka tu. Vidole vilikuwa vikisukumwa kwenye ncha ya raba kwa saa tatu mfululizo, na nilipofika mjini Morogoro nikavua soksi, kucha za vidole gumba zilikuwa zimepiga weusi kama zambarau zilizoiva. Wiki kadhaa baadaye ziling'oka zenyewe. Tangu siku hiyo, rafiki akiniambia anataka twende wote lakini anaogopa kama atapanda, humuuliza swali moja: utaweza kushuka?

Nimepanda mara tisa sasa, karibu zote kwa njia ya Morningside. Wenyeji wengi hutamka "Moningsaiti", na hata bodaboda ukimtajia hivyo anakuelewa haraka zaidi. Mimi si mwanamichezo. Nina miaka arobaini na mitatu, nakaa kwenye kiti kutwa nzima Dar es Salaam, na kitambi changu si siri. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni ya mtu wa kawaida anayetaka mlima wenye msitu, ukimya na jasho la kutosha, bila kulipia safari ya siku sita Kilimanjaro.

Kwa watu wa Dar, mlima huu uko karibu kuliko wanavyodhani. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024, Morogoro ni mwendo usiofika saa mbili. Unaweza kulala kwako Ijumaa na Jumamosi ukawa mlimani. Lakini hilo ndilo kosa langu la pili, na ni bora nilitaje mapema: usikate tiketi ya kurudi jioni hiyohiyo. Niliwahi kufanya hivyo. Kuanzia saa sita mchana nilikuwa naangalia saa kuliko ninavyoangalia njia, nikashuka kwa kukimbia, goti la kulia likavimba, na treni nikaikosa vilevile. Lala Morogoro usiku mmoja kabla. Kama mfuko unaruhusu, lala na usiku wa baada.

Mji wa Morogoro uko kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na vilele vilivyo juu yake, Lupanga na Bondwa, vinapita mita 2,100. Huo ni ukuta. Ukisimama stendi asubuhi na kutazama juu, unajiuliza njia inapita wapi. Lupanga sikushauri kwa mara ya kwanza. Kule ni mizizi, mwinuko mkali na kushika miti kwa mikono. Morningside ni ya wastani. Unaanza na barabara mbovu inayofuata bonde la mto Morogoro, unapita mashamba, unafika kwenye nyumba ya zamani iliyojengwa enzi za Wajerumani, kisha unaendelea mpaka msitu unaanza. Ukitaka na una nguvu, unaendelea mpaka Bondwa kwenye minara ya mawasiliano. Mimi Bondwa nimefika mara tatu tu kati ya hizo tisa, na sioni aibu. Msitu ndio uliokuleta. Minara hata Kariakoo utaiona.

Anza saa kumi na mbili asubuhi. Si saa mbili baada ya chai na supu, ni saa kumi na mbili. Jua la Morogoro likishapanda, sehemu ya chini ya njia, ambayo haina kivuli, inakukausha kabla hujaufikia msitu. Na kuna sababu kubwa zaidi: kuelekea mchana mawingu hupenda kukaa juu ya mlima. Asubuhi kilele kiko wazi, saa saba hukioni. Ndani ya wingu njia uliyoipita saa mbili zilizopita inaonekana ngeni, na pale ilipogawanyika kwenda kwenye shamba la mtu, unaweza kushika ya shamba. Ilinitokea. Nilitembea karibu nusu saa nikaishia kwenye kibanda chenye mbuzi wawili na mzee mmoja aliyecheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo nina sheria moja ambayo siivunji: saa saba mchana nageuka, popote nilipo. Hata kama kilele kiko pale mbele. Hasa kama kilele kiko pale mbele, kwa sababu hapo ndipo watu hujidanganya kwamba ni dakika kumi tu. Jua linazama kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, lakini chini ya miti giza halisubiri jua. Na kushuka, kwa mtu kama mimi, huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani.

Sasa viatu, maana hapa ndipo pesa yako iende. Raba za kukimbilia barabarani hazifai, soli yake ni laini na haina meno. Nenda soko la Karume, Dar, asubuhi mapema, tafuta buti za mtumba za kupandia mlima. Zipo, na nyingi zimevaliwa mara chache tu huko zilikotoka. Chagua zinazokuzidi kwa nusu saizi. Uzijaribu ukiwa na soksi nene, kisha simama kwenye ngazi au kitu chochote kilichoinama, vidole vikielekea chini. Vikigusa mbele, rudisha. Halafu zivae nyumbani na kazini wiki mbili kabla ya safari. Na kata kucha siku mbili kabla, si usiku wa kuamkia safari, maana ukizikata sana siku ileile ngozi inauma. Najua inaonekana kama jambo dogo. Niulize mimi.

Cha kuchekesha ni kwamba wakati wewe umevaa buti za bei, utapishana na mama wa miaka sitini amevaa yeboyebo, kichwani ana tenga la karoti ambalo wewe usingelibeba mita mia, naye anashuka kwa kasi bila kushika kitu. Usimuige. Amezaliwa kwenye mteremko huo. Cha kumwiga ni mwendo wake: hatua fupi, goti limekunjwa kidogo muda wote, mguu mzima unakanyaga, hakanyagi kwa kisigino. Mara yangu ya nne nilitembea nyuma ya mama mmoja kwa nusu saa nikimfuatisha nyayo, na siku hiyo goti halikuuma. Sisi watu wa mjini tunashuka kwa miguu iliyonyooka kama tunashuka ngazi za ofisi, kila hatua inagonga goti.

Fimbo nayo ni lazima. Usinunue, mwombe kijana wa bodaboda au mwenye kibanda cha mwisho kabla ya mashamba akutafutie ya mti mkavu, inayofika kifuani. Wakati wa kupanda itakukera. Wakati wa kushuka utaitangulizia mbele kila hatua na utamshukuru.

Kuhusu kupishana: njia ni nyembamba, na anayeshuka na mzigo ndiye mwenye njia. Wewe unatembea, yeye anafanya kazi. Simama upande wa mlima, si upande wa bonde, mpishe, msalimie. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mnakwenda wapi?" "Juu, kutembea." "Kutembea tu?" Nimeulizwa hivyo mara nyingi, kwa huruma ya kweli, kama mtu aliyepotelewa na akili. Usipige picha za watu na mizigo yao bila kuomba. Na kumbuka kwamba karibu kila kijia kinachochepuka kina mwenyewe; kwa Waluguru ardhi kwa desturi hufuata ukoo wa mama, na mashamba hayo yana majina ya mabibi hata kama huoni ua.

Ukiyatazama mashamba yenyewe utaelewa kitu. Mengine yamesimama kiasi kwamba mkulima analima huku ameegemea mlima. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa huku wachimbe matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko, kazi ngumu isiyo na malipo, na mwaka 1955 walikataa kwa nguvu mpaka mpango ukafa. Nilisoma habari hiyo mezani kwangu ikanipita. Nilipopumzika katikati ya mteremko ule, mapafu yanatoka, nikamfikiria mtu anayeambiwa achimbe ngazi hapo kwa jembe, ndipo ikaniingia.

Juu ya mashamba, msitu unaanza ghafla. Baridi inakupiga usoni kama umefungua friji. Sauti za mji, ambazo zilikuwa bado zinapanda pamoja nawe, honi na adhana na muziki wa baa, zinakatika. Miti imevaa manyoya ya kijani, kangaga nyingine zimekuwa miti kabisa, zimesimama kama minazi iliyokosea njia. Maji yanatiririka kila upande. Maji hayo si mapambo: mto Ruvu unaanzia kwenye milima hii, na ndio unaoilisha Dar es Salaam. Huwa nawaambia wenzangu kwamba wameshaunywa Uluguru miaka yote.

Hapa punguza mwendo na funga mdomo. Msitu huu ni sehemu ya safu ya Milima ya Tao la Mashariki, inayotoka vilima vya Taita nchini Kenya mpaka Udzungwa, na umekaa peke yake muda mrefu kiasi cha kuwa na viumbe visivyopatikana kwingine duniani. Kuna mbwigu wa Uluguru, ndege asiyepatikana nje ya milima hii, ambaye wataalamu wanasafiri mabara kumtafuta na wengine wanarudi bila kumwona. Mimi sijamwona. Nimemwona kinyonga mwenye pembe moja puani, na niliruka hatua mbili nyuma kama mtoto, maana nyumbani tulilelewa kumwogopa kinyonga kuliko nyoka. Wanasayansi wameliita kundi lake Kinyongia, yaani wamechukua neno letu wakalivisha suti. Mbega utawasikia kabla hujawaona. Watu wanaopanda wakipiga muziki kwenye spika hawaoni chochote, kisha wanarudi na kusema hakuna wanyama.

Msitu wenyewe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Pitia kwanza ofisi yao mjini upate kibali na kiongozi, siku moja kabla, siyo asubuhi ya safari. Wapo wanaokwepa ili kuokoa hela. Mimi pia nilikwepa ile siku ya mbuzi wawili. Kiongozi mwenyeji si wa kukuonyesha njia tu. Ndiye anayejua kijito kipi kimejaa, siafu wamekatiza wapi, na ndiye anayekutazama usoni akajua kwamba umechoka kabla hujakubali mwenyewe. Kijana niliyezoea kwenda naye ana msemo wake kila ninapotaka kuendelea: "Mzee, magoti ya kurudia unayo?" Kama sina jibu la haraka, tunageuka.

Begani beba kidogo. Maji lita mbili na nusu, na pakiti ya chumvichumvi ya dukani kwa ajili ya njia ya kurudi, kwa sababu kukaza kwa misuli ya mapaja huja wakati wa kushuka. Mayai ya kuchemsha, chapati, karanga, ndizi mbivu. Tochi ya kichwani hata kama una uhakika wa kurudi mchana. Koti la mvua na sweta, maana jasho la kupandia likipoa ndani ya wingu unatetemeka. Simu iweke ndani ya kitu kisichopitisha maji; tangu rambo, ile mifuko ya plastiki, zipigwe marufuku mwaka 2019 mimi natumia kopo la plastiki lenye mfuniko, ambalo likiisha karanga linapokea simu. Taka zote rudi nazo.

Msimu mzuri ni Juni mpaka Septemba. Wakati wa masika usiende, udongo ule mwekundu ukilowa ni sabuni. Vuli unaweza, lakini ukiona mvua imenyesha usiku kucha, lala, kunywa chai, nenda kesho yake.

Mazoezi? Watu hupanda ngazi. Ni sawa, ila panda kwa lifti kisha ushuke kwa miguu. Jengo la ghorofa kumi, mara tano, siku tatu kwa wiki, kwa mwezi mmoja. Mlinzi wa jengo letu alinishangaa wiki ya kwanza, wiki ya pili akaniuliza kama nadaiwa.

Nilipanda mara ya mwisho mwezi Julai. Tuliishia kwenye msitu, Bondwa ilikuwa imefunikwa tangu saa nne asubuhi. Tulikaa juu ya gogo tukala mayai bila kusema neno, mbega wakavuka juu yetu mmoja mmoja, tisa kwa hesabu yangu, kumi na moja kwa hesabu ya kijana. Tukashuka hatua fupifupi. Chini nikaloweka miguu mtoni, nikahesabu kucha. Kumi. Jumatatu ofisini nilishuka ngazi kinyumenyume, nimeshika ukuta, na mlinzi safari hii hakuuliza kitu.