Kuongoza timu iliyotawanyika kati ya Kisumu, Berlin, Bengaluru na Chicago

Swali: Tuko watu saba tunaotengeneza programu ya kusimamia maghala. Watatu tuko Kisumu, mmoja yuko Nakuru, wawili wako Bengaluru nchini India na mmoja yuko Berlin, ilhali mteja wetu yuko Chicago. Mikutano huvuka hadi usiku, vijana wangu wa Kisumu hunyamaza mkutanoni kisha kazi ikachelewa, na maoni ya mwenzetu wa Berlin huwavunja moyo. Nifanyeje? (Msomaji, Milimani, Kisumu)

Jibu: Ndugu msomaji, kwa maoni yangu matatizo hayo matatu yana mzizi mmoja, nao ni kwamba mmeuachia mkutano kazi iliyostahili kufanywa kwa maandishi.

Tuanze na saa, kwa kuwa hilo halina mjadala. Kenya na India hazibadilishi saa mwaka mzima, ilhali Ujerumani na Marekani hubadilisha mara mbili. Katika majira ya baridi ya huko, saa mbili asubuhi ya Chicago huwa saa kumi na moja jioni Kisumu, saa tisa alasiri Berlin na saa moja na nusu usiku Bengaluru. Majira ya joto yakifika, Berlin hubaki palepale, nanyi na Bengaluru mnarudi nyuma kwa saa moja. Huo ni wakati ambao nyote mnaweza kukutana bila mtu kukatiziwa usingizi, kwa hiyo utumieni mara moja kwa wiki, si kila siku. Angalieni pia kwamba Marekani husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi na Ulaya Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Kwa wiki mbili au tatu za katikati, mkutano uliofungwa kwa saa za Chicago humfikia mwenzenu wa Berlin saa nane mchana. Hali hiyo hujirudia kwa wiki moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mnapoandika mkutano kwenye kalenda, chagueni jina la mji badala ya tofauti ya saa, ili kalenda ijirekebishe yenyewe.

Siku nyingine zote, maandishi ndiyo yabebe kazi. Mtu wa Kisumu akimwuliza mteja asubuhi, "Ile ripoti tuifanyeje?", mteja ataliona swali hilo jioni yenu, naye atajibu kwa kuuliza ni ripoti ipi; siku nzima imepotea bila neno la maana kupatikana. Swali lililokamilika hutaja ripoti yenyewe, njia mbili zinazowezekana, njia ambayo mwulizaji anaipendelea, na atakalofanya iwapo jibu litachelewa. Kila mmoja aache pia maelezo mafupi anapofunga kazi: kilichokamilika, kilichokwama na anayesubiriwa.

Kuhusu kimya cha vijana wako, nakusihi usikimbilie kusema kwamba ndivyo utamaduni wetu ulivyo. Ni kweli kwamba wengi wetu tumelelewa tusimpinge mkubwa mbele ya watu, sembuse mteja anayelipa. Lakini huenda kijana huyo pia ameliona suala hilo kwa mara ya kwanza mkutanoni, au intaneti yake inakatika, au Kiingereza cha haraka kinampita. Sambaza maswali siku moja kabla, kila mtu aandike jibu lake, na mkutanoni wadogo waanze kusema nawe uwe wa mwisho, kwa sababu ukishatoa msimamo wako hakuna atakayeupinga. Acha kuuliza kama wameelewa, kwani jibu huwa ndiyo daima. Uliza ni nini kinachoweza kutuchelewesha, kisha kila ahadi iandikwe pamoja na jina la mhusika, tarehe na kitu kitakachoonyeshwa siku hiyo.

Mwenzenu wa Berlin huenda anakosoa kazi akidhani anasaidia, na pengine hajui namna maneno yake yanavyopokelewa. Zungumza naye faraghani, kisha mkubaliane kama timu kwamba kila maoni yataje kasoro, sababu yake na pendekezo, na yaseme wazi kama kasoro hiyo inazuia kazi kupokelewa au ni rai tu. Vijana nao wawe na haki ya kujibu kwa maandishi na kutetea uamuzi wao.

Jambo la mwisho ni la haki. Sheria ya kazi ya Ujerumani humpa mfanyakazi mapumziko ya saa 11 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na sioni kwa nini watu wako wa Kisumu, Nakuru na Bengaluru wapewe pungufu. Anayemhudumia mteja usiku aanze kazi kesho yake mchana, afanyie kazi hiyo nyumbani badala ya kurudi kutoka ofisini gizani, na zamu hiyo izunguke na kulipwa. Mweleze mteja mapema ni dharura zipi zitakazojibiwa usiku na zipi zitakazongoja asubuhi ya Kisumu, na hayo yaandikwe kwenye mkataba.