Bibi jirani ananishikia pacha, nitamwambiaje kuhusu maziwa?

*Shikamoo Shangazi. Nina pacha wa mwaka mmoja na miezi minne. Mume wangu anasimamia wachungaji kwenye ranchi huku Kongwa; anatoka alfajiri, anarudi giza limeshaingia. Mimi ni mtu wa Tanga, huku sina ndugu. Bibi mmoja jirani, Mgogo, ndiye anayenishikia watoto nikienda kuchota maji au shambani. Hela hataki. Lakini anawapa maziwa mabichi, na naogopa nikisema atasusa. Mume wangu naye anasema tusisumbue watu. Juzi Kulwa alianguka, akanipita mimi akamkimbilia Bibi. Nililia usiku kucha. – Mama Pacha*

Marahaba mwanangu.

Nianze na Kulwa, maana ndiye aliyekuliza. Mtoto akiumia hukimbilia mikono anayoijua, na wanao wamejaliwa kuwa na zaidi ya mama mmoja wa kumkimbilia. Wangu wa kwanza nilimlea ugenini, akawa anamwita jirani yangu "mama" mpaka anaanza shule. Iliniuma sana. Leo ana watoto wake, na wakishikwa na homa usiku simu anayopiga ni yangu.

Mumeo hana ubaya, ila kusema msisumbue watu amekosea. Kongwa ni nchi ya msimu mmoja wa mvua. Waingereza walifika hapo mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, na kufikia 1951 mpango wote ulikuwa umekufa, ukame ukiwa mmoja wa waliowashinda. Wewe na dumu la lita 20 kichwani, pacha mmoja mgongoni na mwingine mkononi, utafika wapi peke yako?

Sasa maziwa. Hapo sikubembelezi: lazima useme. Ng'ombe anaweza kuwa na brusela ukamwona amenona na anang'aa. Maziwa yake mabichi humpa mtu homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na wengi huishia kumeza dawa za malaria bila nafuu. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupitia humo humo. Usidanganyike kwamba yakiganda yamekuwa salama. Yachemshwe mpaka yaumuke, yapoe, ndipo mtie mgando wa jana.

Lakini umejiuliza kwa nini Bibi hachemshi? Barua yako inasomeka kama vile hajui. Mimi nadhani ni kuni. Mzee wa magoti mabovu hawezi kufuata kuni mbali kila siku kwa ajili ya vikombe viwili vya maziwa ya watoto wa mwenzake. Kwa hiyo usiende kwake na somo, nenda na mzigo wa kuni na sufuria. Keti chini kabisa, umwambie: "Bibi, wajukuu zako hawa nataka maziwa yao tuyachemshe. Kuni ni juu yangu." Wakifikisha miezi 18 watarudi kliniki kwa chanjo ya pili ya surua na rubela, nenda naye, nesi amweleze mwenyewe. Mengine yake, uji wa uwele, shanga za kiunoni, Kigogo anachowafundisha, yaache. Usitumie ujasiri wako huko.

Kuna jambo hukuniuliza, na ndilo linaloninyima usingizi kuliko maziwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kuua kupe. Watu huimimina kidogo kwenye chupa ya soda, waende kunyunyizia ndama nyumbani. Nyingi zikichanganywa na maji huwa nyeupe, weupe ule ule wa maziwa. Mtoto aliyezoea kupewa kitu cheupe na Bibi atainywa bila kusita. Leo hii mumeo akague nyumba zote mbili: uvunguni, nyuma ya mlango, juu ya kenchi. Kila chupa ya namna hiyo iondoke, na dawa ibaki kwenye kopo lake, ndani ya stoo yenye kufuli. Ikitokea mtoto amekunywa, msimtapishe wala msimpe maziwa. Mkimbizeni hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Kuhusu malipo, Bibi akikataa hela usimlazimishe, utamgeuza kibarua. Sukari na sabuni kila mwisho wa mwezi hatazikataa. Na huyo baba pacha anayeogopa kusumbua watu, siku yake ya mapumziko amchotee Bibi madumu manne. Pia mpumzishe Bibi. Pacha wa umri huo ni wazito na wanakimbia. Muulize mgongo wake unasemaje, na kama kuna mke wa mchungaji mwenye mtoto mdogo hapo jirani, pangeni zamu.

Niandikie ukishazungumza naye. Na ukifika mlangoni kwake na hizo kuni, mpe "mbukwa" yangu, salamu ya kwao Wagogo.

Shangazi