Bahari yetu iko Muanda, tunaifika namna gani?

SWALI: Jambo yaya. Mi ni mama ya batoto batatu, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Mu vakansi ya mwezi wa saba na wa nane nataka kupeleka batoto ku bahari pamoja na baba yangu muzazi, ni mzee alitumika mu mine maisha yake yote na hajaonaka bahari hata siku moja. Bajirani bote banasema Dar es Salaam, unapita Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, na bus basi. Lakini mutoto wangu wa kwanza, mwalimu alibafundisha kama Congo iko na bahari yake ku Muanda, sasa kila siku ananiuliza, mama, juu ya nini tuende ku bahari ya bengine? Nimujibu nini? (Mama wa Katuba)

JIBU: Mama, asante kwa barua, na huyu mutoto mumupongeze kwanza, iko na haki kabisa. Congo yetu na ukubwa wake wote iko na kilometa 37 tu za bahari, kipande kidogo kati ya Cabinda na mulango ya muto, n'gambo ya pili tayari ni Angola. Ni kidogo lakini ni yetu, na inaniumiza kuona bantu ba Lubumbashi banajua majina ya plaje zote za Zanzibar na Muanda hawajui iko upande gani.

Sasa kwa njia sitakudanganya, Dar ni rahisi zaidi. Kwenda Muanda unapanda ndeke paka Kinshasa (kule saa iko nyuma ya yetu saa moja, usisahau), kisha unashika barabara ya Matadi, karibu kilometa 350 za lami, unavuka daraja kubwa ya Matadi ile ya 1983, unaingia Boma, na kutoka Boma mbele njo mateso inaanza, kuko vumbi na mashimo na kama mvua imenyesha ni matope. Juu ya mzee usifanye yote kwa siku moja. Mulale Boma. Hata ni vizuri, juu Boma ilikuwa muji mukuu wa Congo mbele ya Léopoldville (njo Kinshasa ya leo), na kuko mbuyu mukubwa sana wenye tundu ndani, bantu banaiitaka mbuyu ya Stanley, batoto batafurahi kuingia. Kuko pia ndeke za Kinshasa paka Muanda, ulizia mbele ya kupanga tarehe.

Lakini kintu kimoja nataka uambie baba yako mbele ya kutoka nyumbani. Umupeleke asubui pale ku muto wetu wa Lubumbashi, umuonyeshe maji. Ile maji inaingia mu Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, Luapula inaenda mu ziwa Moero, inatoka mule na jina ya Luvua, inakutana na Lualaba pale Ankoro, na Lualaba njo muto Congo wenyewe, unapita Kisangani, unapita Kinshasa, unapita Matadi, unaishia Banana pembeni ya Muanda. Mzee atasimama ku bahari na maji ya kwao itakuwa imefika mbele yake. Hii Dar haiwezi kukupa, hata ulipe pesa ngapi.

Na juu ya hiyo maji, batoto babaambie mapema: bahari ya Muanda haiko buluu kama ile banaona mu telefoni. Muto wetu ni wa pili mu dunia kwa wingi wa maji, nyuma ya Amazon tu, inamwanga udongo wa inchi nzima mule, kwa hiyo maji iko na rangi ya chai. Mi naona ni muzuri vile. Na jua inazama mu bahari, Dar inatokea mu bahari.

Siku moja muiachie mangrove. Ni parke ya serikali tangu 1992, ICCN, ile ofisi ya serikali ya kulinda nyama na mapori, njo inailinda, munaenda na mutumbwi mu ile miti yenye mizizi inasimama inje ya maji kama miguu, samaki na kaa banazalia mule, na lamanteni, nyama mukubwa wa maji mwenye kula majani, iko inaishi mule lakini kumuona inaomba bahati. Kasa banapanda kutaga mayai ku muchanga sana sana mu miezi ya mvua, kwa hiyo mu vakansi hamutabaona. Mutu akiwauzishia mayai yake mukatae, mama, tafazali, ni nyama inalindwa na sheria.

Mwezi wa saba kule hakuna mvua, mawingu tu na hewa ya baridi kidogo, beba masweta ya batoto. Dola beba mupya zisizopasuka. Kiswahili kule haitakusaidia sana, ni Kikongo na Lingala na Kifaransa, na bukari ya mahindi usiitafute, kula shikwange (mukate ya muhogo) na samaki inatoka mu maji ile saa.

SWALI: Mi nazoea kuogelea ku ziwa Tshangalele na muto Luapula. Bahari iko tofauti? (Mwanafunzi, Kampemba)

JIBU: Iko tofauti sana ndugu yangu. Maji inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na mawimbi ikirudi inavuta miguu. Ikikuvuta mbali usipigane nayo kurudi moja kwa moja, utachoka bure, ogelea pembeni, sambamba na plaje, paka utoke mu ile nguvu, kisha urudi. Na pale Banana, fasi muto unaingia mu bahari, usiogelee kabisa, hata kama unaona bavuvi bako mule. Bale bako mu mutumbwi.