Uchungu wa Maji ya Chumvi

SWALI: Katika mashamba ya chumvi ya huku Gongoni, maji yanayosalia baada ya chumvi kuvunwa huwa machungu. Kwa nini? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Kilo moja ya maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi mbalimbali, na zaidi ya robo tatu yake ni hii ya jikoni. Jua linapoyakausha, hutangulia kuganda chokaa, kisha jasi (madini ya kutengenezea plasta), na maji yakishapungua hadi kiasi cha sehemu moja ya kumi ndipo punje nyeupe tunazozijua huanza kujijenga bwawani. Chumvi za magnesiamu, zilizo nyepesi kuyeyuka, hubaki majini, nazo ndizo chungu. Usiyakaushe yote: magnesiamu kloraidi hufyonza unyevu wa hewa, na chumvi iliyochanganyika nayo hulowa hata koponi.