Gari Likianza Kumisi Baada ya Kutoka kwa Fundi, Anzia Pale Mkono Ulipopita

Niliingia gereji kwa sababu ya oili. Gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, ilikuwa imechoka, oili ikawa inaingia kwenye visima vya plagi, na harufu ya oili inayoungua ilikuwa inanifuata hadi ndani ya gari. Kazi ilikuwa ya saa chache. Jioni nilipopiga stati injini iliwaka vizuri, lakini ilipotulia sailensi, yaani inazunguka yenyewe bila kukanyagwa mafuta, ikaanza kutetemeka. Usukani ukawa unatikisika, kioo cha kutazamia nyuma kinacheza, na kwenye ekzosi nasikia mdundo unaokatika: pu-pu-pu, kimya, pu-pu. Nikikanyaga mafuta kidogo mtetemo unapungua. Nikiachia, unarudi.

Fundi akasema koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, zimechoka, ninunue zote nne. Nilikaribia kununua. Kilichonizuia ni kwamba asubuhi ile gari halikuwa linamisi, yaani silinda kukosa kuwaka, hata kidogo. Koili nne zimechoka saa ngapi, ilhali muda wote zilikuwa zimelazwa juu ya meza?

Gari likiingia gereji zima na kutoka linamisi, mara nyingi ugonjwa uko palepale mkono ulipopita. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, muulize aliyefungua: ulitoa nini, nini kilidondoka, nini kilikuwa kigumu kutoka? Muulize kwa upole. Ukianza na lawama atajitetea, na wewe utakosa habari unayoihitaji. Mimi nilipouliza niliambiwa mambo mawili ambayo yeye hakuyapa uzito: plagi moja ilimponyoka ikaanguka sakafuni, na mpira mmoja wa nyuma ya injini ulikuwa umeganda, akauvuta kwa koleo. Niliyaandika.

Angalia na taa ya cheki injini. Ikiwaka tu bila kumetameta, una muda wa kuchunguza. Ikimetameta, acha kuendesha. Maana yake mafuta yasiyoungua yanatoka na kwenda kuwakia kwenye masega ya ekzosi (kile kisafisha moshi), na masega yakipata joto la namna hiyo huyeyuka. Hapo tatizo dogo limezaa kubwa.

Kisha soma kodi, yaani namba za makosa ambazo kompyuta ya gari imezihifadhi. Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi kinatosha. P0300 ni kumisi kusikokuwa na silinda maalumu, na P0301 hadi P0304 zinakutajia silinda yenyewe kwa namba yake ya mwisho. Langu lilikuwa na mbili, P0303 na P0171. Ya pili inasema hewa imezidi mafuta.

Nikaanza na silinda ya 3. Nilihamisha koili yake kwenye silinda ya 2, ya 2 nikaileta 3, nikafuta kodi, nikazunguka kidogo. Kodi ikarudi ileile P0303, kwa hiyo koili ilikuwa haina kosa. Injini ilipopoa (usifungue plagi kwenye silinda hedi ya alumini ikiwa bado ina moto, utaharibu nyuzi), nikabadilishana plagi ya 3 na ya 1. Safari hii kodi ikawa P0301. Ugonjwa umehama na plagi.

Niliishika ile plagi nikaigeuza taratibu kwenye mwanga. Kwenye ile kauri nyeupe kulikuwa na mstari mmoja mweusi, mwembamba kama umechorwa kwa penseli, unashuka kutoka juu hadi kwenye chuma. Huo ulikuwa ufa. Umeme wa koili ni maelfu mengi ya volti, na ukipata njia fupi ya kupita nje ya kauri hausumbuki kushuka hadi kwenye ncha. Plagi iliyoanguka chini haifai kurudishwa, hata kama macho yanaona ni nzima. Na oili iliyobaki kwenye kisima lazima ifutwe ikauke kabisa, kwa sababu hulainisha mpira wa koili na umeme huanza kuvuja pembeni.

Plagi mpya ikaondoa kodi ya kumisi. Mtetemo ukapungua sana, lakini haukuisha. Wengi hapa ndipo wanapokata tamaa wakadhani walikosea tangu mwanzo, kumbe makosa yalikuwa mawili na wameshaondoa moja.

Nilifungua ukurasa wa kifaa unaoonyesha asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, mafundi wanaiita fyueli trimu. Sailensi ilisoma +19. Nikapandisha mzunguko hadi 2500 nikaushikilia, ikashuka hadi +5. Mwendo huo wa namba ni dalili ya hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, bila kupita kwenye sensa ya hewa. Tundu lina ukubwa uleule, ila sailensi injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa ya inayoingia. Injini ikichanganya, sehemu hiyo inakuwa ndogo. Kama gari lako linapima presha ya manifoldi (mabomba ya kugawa hewa kwenye silinda) badala ya kiasi cha hewa, tundu kama hilo linaweza kujitokeza kama sailensi iliyopanda juu, wala usione kodi ya hewa kuzidi.

Nikakumbuka mpira uliovutwa kwa koleo. Ulikuwa mpira wa vali ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukaungue), unaotoka kwenye tapeti kava kwenda kwenye manifoldi ya kuingiza hewa. Ukiutazama kwa juu ulikuwa mzima na klipu imekaa. Nilizima injini, nikapitisha kidole chini yake pasipoonekana, ukucha ukazama. Ulikuwa umepasuka kwa urefu karibu wa kidole. Nikawasha tena nikaziba ule mpasuko kwa tambara, na injini ikatulia palepale. Nilipofunga mpira mpya trimu ilirudi +2.

Kama tundu halionekani, chukua kipande cha mpira mrefu, ncha moja iweke sikioni, nyingine ipitishe karibu na viungo. Mluzi utausikia. Kaa mbali na feni na mikanda. Kupuliza petroli au spreyi inayowaka juu ya injini yenye moto ni njia ninayoiogopa, na sikushauri.

Kazi nyingine zina maeneo yao. Kama throto (mlango wa hewa) ilisafishwa au betri ilitolewa, kompyuta huenda imesahau kipimo chake cha sailensi, na baadhi ya magari yanahitaji kufundishwa upya kwa utaratibu wake. Kama nozeli za mafuta zilitolewa, tazama oringi zake na soketi, hakikisha kila soketi imelia "ta" ilipoingia. Kwenye magari yanayotumia waya za plagi, waya mbili zikipishana injini itapiga kwa ekzosi na kutetemeka vibaya. Mpangilio wa silinda kuwaka kwenye injini nyingi za silinda nne ni 1-3-4-2, lakini hakikisha wa injini yako.

Nasisitiza hili zaidi: kama mkanda wa taimingi uliguswa, na ukaona P0016 (kodi ya krenki na kamshafti kutolingana) au injini imekosa nguvu kabisa, usiendelee kuwasha ukijaribu bahati. Meno yakiruka kwenye baadhi ya injini, valvu hugongana na pistoni. Rudisha, alama zikaguliwe upya. Na kama silinda hedi ilifunguliwa, omba kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda. Silinda mbili jirani zikisoma chini pamoja, shaka ya kwanza ni gasketi kati yake.

Siku hizi kabla fundi hajashika spana naomba dakika tano, napiga picha za injini kwa simu: kila soketi, kila klipu, kila mpira na unakoelekea. Picha ya mwisho naingiza mkono wenye simu nyuma ya manifoldi, upande ambao jicho halifiki.