Kalsiamu iko sawa mu labo, lakini ng'ombe alilala chini

SWALI: Dokta jambo. Niko nafuga huku upande wa Sake, karibu na Goma, Kongo. Ng'ombe yangu ya maziwa alizaa mara ya ine, kesho yake akashindwa kusimama, bakamutundika serumu ya kalsiamu akasimama. Nyuma ya wiki mbili nikapeleka damu mu labo, bakasema kalsiamu iko sawa. Lakini meno yake iko rangi ya kahawa na imelika, na tunamunywesha maji ya mvua ya tanki. Batu banasema ni florini, ile kemikali inatoka na moshi wa volkano. Ile florini inafanya nini kwa kalsiamu? Na maziwa tunaweza kunywa?

JIBU: Jambo papa. Tuanzie kwa ile karatasi ya labo, ndiyo inakuchanganya.

Kalsiamu karibu yote ya ng'ombe, 99 kwa mia, iko mu mifupa na meno. Ile ya damu ni kidogo sana, ng'ombe mukubwa ni kama gramu 3 tu, na siku anazaa lita 10 za maziwa ya kwanza peke yake zinabeba zaidi ya gramu 20. Sasa hesabu mwenyewe. Damu ni duka ya mbele, mifupa ni depo, na mwili utakubali depo ibaki na shida mradi duka isikose bidhaa, juu kalsiamu ya damu ikishuka misuli inalegea na moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo nyuma ya wiki mbili damu kuonyesha sawa ni kawaida, hata kwa ng'ombe mwenye mifupa imeharibika miaka. Kipimo ya kalsiamu haikuambii habari ya florini. Kama unataka kujua, omba bapime florini mu mukojo, ao mu mufupa.

Florini yenyewe inapenda kalsiamu sana. Ikiingia nyingi kwa mara moja, inashikana na kalsiamu mu tumbo na mu damu, inakuwa kama chokaa isiyoyeyuka, kalsiamu inaanguka ghafla na munyama anakufa kwa siku chache. Iceland baliona hiyo mu 1783 wakati volkano ya Laki ililipuka, kondoo wengi sana walikufa, na tena 1970 kwa volkano ya Hekla, ambapo majivu mepesi iliyofika mbali ndiyo ilibeba florini nyingi, watu wanaona vumbi kidogo tu juu ya majani wanafikiri haina neno.

Kwako lakini naona ni ile ya polepole. Florini inaingia ndani ya mufupa na kuchukua nafasi, mufupa unakuwa mugumu kuyeyuka. Tezi ndogo za shingo zinatoa homoni ya kuamuru mifupa itoe kalsiamu, mifupa inachelewa kutii, tezi zinaongeza amri, basi unakuta huku mufupa mugumu, huku umelika, vifundo vinavimba, munyama anachechemea. Depo imejaa lakini kufuli imebadilishwa.

Je, ndiyo ilimulaza? Sitaapa. Ng'ombe kulala nyuma ya kuzaa mara nyingi inatoka kwa umri na chakula, huyo wako ni wa mimba ya ine, yuko palepale mu kundi ya hatari hata bila volkano. Florini inaweza tu kuongeza ile hatari.

Sasa meno. Mufungue mudomo, angalia meno nane ya mbele ya chini, yanaota pea kwa pea. Kwaruza na kucha: doa ya majani aliyokula inatoka, doa ya florini haitoki, na inakamata meno yote mawili ya pea moja sawasawa. Meno ya ukubwa yanatengenezwa toka kama miezi sita mpaka miaka mitatu hivi, kwa hiyo pea za katikati zikiwa safi na za pembeni chafu, ng'ombe alifika kwa maji mabaya akiwa ameshakua kidogo. Na ukimuona analamba maji ya baridi na ulimi kama paka, meno yanamuuma.

Maji ya mvua huko kwenu ndiyo namushuku zaidi. Moshi wa volkano zenu, Nyiragongo na Nyamulagira, una gesi ya florini, upepo mara nyingi unausukuma magharibi, kwenye Rusayo, Sake, Masisi, mvua inausafisha na kuuleta juu ya bati mpaka kwa tanki. Kwa watu OMS, shirika la afya la dunia, inasema isizidi miligramu 1,5 kwa lita. Kuchemsha haisaidii, maji inapunguka florini inabaki, inazidi kukolea. Tafuta chemchemi iliyopimwa, mpe huyo na ndama wadogo kwanza. Moshi ukizidi ao majivu ikianguka usichunge, leta majani ya mbali. Na chumvi ya madini ya kununua, uliza kama fosfati yake imeondolewa florini, juu mawe ya fosfati ya mbichi inakuwa nayo nyingi sana.

Maziwa kunyweni. Florini inakimbilia mifupa, mu maziwa inapita kidogo sana. Mimi ningeuliza zaidi watoto wako wanakunywa maji gani, kama ni ya tanki hiyohiyo waambie wakuonyeshe meno leo jioni.